Bei ya Jioni, Uamuzi wa Asubuhi

Kesi iliyonitoa kwenye uwakili niliishinda. Hilo ndilo linalowatatiza watu ninapowasimulia, maana wanadhani mtu huacha kazi pale inapomshinda. Mimi kazi haikunishinda hata siku moja. Nilikaa miaka kumi kwenye ofisi ya Mjomba nikiandika mikataba ya mabenki na kugombana mahakamani kwa niaba yao, na ulimi wangu ulikuwa mkali kiasi kwamba mawakili wenzangu waliniita Wembe. Jina lenyewe nililipenda, nisiseme uongo.

Siku hiyo nilikuwa naitetea benki. Mteja wake alidai kwamba mkataba aliouziwa ulipangiwa bei ya kumnyonya, na kuthibitisha hilo alimleta shahidi mtaalamu, profesa wa hisabati, mzee mwembamba mwenye koti lililojaa vumbi la chaki. Profesa aliomba ubao. Akaandika mlinganyo mrefu kutoka ukuta hadi ukuta, na mawakili wote mle ndani tukaanza kutazama viatu vyetu.

Nilisimama kumhoji.

"Profesa, bei hii uliyoikokotoa ni sahihi? Ndiyo au hapana?"

"Inategemea," akasema.

"Sikukuuliza inategemea. Nimekuuliza ndiyo au hapana."

"Inategemea bei za soko zitayumba kiasi gani, na hilo hakuna..."

"Mheshimiwa Jaji," nikamkatiza, "shahidi mtaalamu hajui kama bei yake mwenyewe ni sahihi. Sina swali lingine."

Watu walicheka. Benki ilishinda. Nilitoka nje kumpa Profesa pole, maana ndivyo tunavyofanya sisi: ndani tunachinjana, nje tunapeana mikono. Nilimkuta dirishani akikung'uta chaki kwenye mkono wa koti. Hakuwa na kinyongo hata chembe.

"Unataka kujua inategemea nini?" akaniuliza.

Akatoa bahasha kuukuu mfukoni na kuchora juu yake mistari miwili mitatu. Mkataba wako, akasema, umeandika nini kitatokea endapo bei itafika hapa. Vizuri sana. Lakini haukusema kama itafika au haitafika. Mimi kazi yangu ni kuipima hiyo endapo.

Jamani! Miaka kumi nilikuwa naandika "endapo" kwenye mikataba. Endapo mkopaji atashindwa, endapo bei itashuka, endapo upande wa pili utavunja masharti. Nimeziandika endapo maelfu, na sikuwahi kujiuliza hata moja ina uzito gani. Kumbe kuna watu wanaziweka kwenye mizani! Moyo ulinidunda pale dirishani kama wa msichana aliyeandikiwa barua. Mjomba alipokuja kunipongeza kwa ushindi sikumsikia hata neno moja.

Nilianza kujisomea hisabati kuanzia pale nilipoiachia shuleni. Niliomba nafasi ya shahada ya uzamili ya hisabati ya fedha kwenye idara ya Profesa yule yule, na wakanikubalia kwa sharti: mwisho wa mwaka wa kwanza nifanye utafiti mdogo na niutetee mbele ya jopo. Nikifaulu, naendelea. Nikifeli, nafungasha virago.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Mama.

Mama yangu ni jaji mstaafu. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa sababu hakuna jina lingine lililomfaa. Kustaafu kulimtoa mahakamani, lakini mahakama haikumtoka. Ukimweleza jambo anakukatiza sentensi ya kwanza, anakuuliza swali la sentensi ya tano, na kabla hujafika ya tatu ameshatoa hukumu. Tangu nizaliwe sikumbuki kumaliza maelezo mbele yake.

"Mama, nimepata nafasi ya kusoma..."

"Umri wako?"

"Mama unaujua, ulinizaa wewe."

"Jibu swali."

"Thelathini na sita."

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Wewe umeshakauka. Ukikunjwa sasa utavunjika."

"Basi nitavunjika nikiwa najifunza, Mheshimiwa."

Alivua miwani. Nilijua hapo tumefika pabaya. Alisema alitegemea siku moja nikalie kiti alichokalia yeye. Alisema joho langu la uwakili amelipiga pasi juzi tu. Nikaanza kumweleza habari ya bahasha, nikafika kwenye neno "mizani", akaniinulia mkono.

"Mahakama imesikia vya kutosha. Mwaka mmoja. Ukifaulu huo mtihani, fuata moyo wako. Ukifeli, unarudi ofisini kwa mjomba wako siku inayofuata, na kuanzia hapo sitaki kusikia tena habari za namba. Hakuna rufaa."

Nikakubali. Mjomba naye, mdogo wake Mama, aliahidi kutompa mtu kiti changu kwa mwaka mzima. Kila mwezi alikuwa ananitumia ujumbe: "Mpwa wangu, kiti chako nimekifuta vumbi leo." Alidhani ananitia moyo.

Nilikuwa mkubwa kuliko wanafunzi wote isipokuwa mmoja, mwanamke mwenzangu aliyekuwa mtafiti wa miamba kabla ya kuchoka kulala kwenye mahema. Tulimwita Mawe. Tulikaa dawati moja mbele kabisa, yeye kwa sababu ya macho, mimi kwa sababu ya uchu. Sijui niuelezeje ule mwaka. Nilikuwa naamka nikiwa na njaa ya darasa. Siku nilipoelewa kwa mara ya kwanza jinsi ya kupima uwezekano wa bei kuanguka, nilimkumbatia Mawe mbele ya darasa zima, miwani yake ikaanguka, na Profesa akasubiri kwa adabu mpaka tulipoipata chini ya kiti.

Si kwamba nilikuwa hodari. Zoezi la kwanza nililiandika kama nilivyozoea kuandika hati za madai. Mwanasheria hawezi kuweka mayai yote kwenye kapu moja. Anasema mteja wangu hakukopa. Na endapo mahakama itaona alikopa, basi alilipa. Na endapo itaona hakulipa, basi deni limepitwa na wakati. Kwa hiyo niliandika: "Jibu ni tano. Kwa njia mbadala, na bila kuathiri hoja ya awali, endapo jibu si tano, basi ni saba." Karatasi ilirudi na neno moja la wino mwekundu: "Chagua."

Mawe alicheka mpaka akatoka nje. Mpaka leo akitaka kunichokoza ananiuliza kama nataka chai, au kwa njia mbadala, maji.

Utafiti wangu ulihusu hisa. Niliandika programu ya kompyuta ambayo kila siku ya soko ilipima jinsi bei zinavyoyumba, kisha ikaamua: leo tukae na hisa, au tuziuze tukae pembeni na fedha taslimu. Halafu niliijaribu kwa bei za miaka iliyopita, kana kwamba ilikuwepo tangu zamani. Mstari wa matokeo ulipotokea kwenye kioo nilipiga yowe. Wakati soko lenyewe lilikuwa likipanda na kushuka kama mlevi anayetafuta nyumba, mstari wangu ulipanda taratibu kwa heshima zake, na siku ya maporomoko makubwa ulikuwa umetulia pembeni. Programu iliuza asubuhi, soko likaanguka mchana. Nilimpigia simu Mawe. Nilimpigia hata Mjomba, akaniuliza kama hiyo kompyuta inaweza kumtafutia mpangaji wa ghorofa ya pili.

Siku ya utetezi ukumbi ulikuwa wazi kwa yeyote. Mama alikuja na suti nyeusi ya kazini, akakaa mstari wa mbele, mkoba magotini, mgongo haukugusa kiti. Mbele kulikuwa na watu watatu: Profesa, mhadhiri mmoja wa takwimu aliyependa kusinzia, na mgeni, mama mmoja mnene mchangamfu aliyesimamia uwekezaji wa mfuko wa pensheni. Akiba za uzeeni za walimu na wauguzi zilikuwa mikononi mwake, na hakulisahau hilo.

Nilizungumza vizuri. Wembe alikuwa amerudi, na safari hii alikuwa anakata kitu anachokielewa. Nilipoonyesha mstari wangu kwenye projekta, hata yule wa takwimu alifumbua macho.

Mama wa pensheni akainama mbele. "Binti, siku ile ya maporomoko sisi sote tuliumia. Mimi nilikuwa ofisini, nilitamani kulia. Modeli yako ilitoka asubuhi ile ile. Iliona nini ambacho sisi hatukukiona?"

Swali gani tamu kama hilo! Nilimjibu kwa dakika nzima bila kukohoa. Nikasema soko halianguki bila kutetemeka kwanza. Binadamu huangalia bei, modeli huangalia mtetemo. Binadamu ana matumaini, modeli haina. Vichwa vilitikisika kukubali. Kwa pembe ya jicho nilimwona Mama akiinua kidevu kidogo. Ishara hiyo naijua tangu utotoni: ni hukumu ya ushindi, bado kusomwa tu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemaliza. Lakini raha ilikuwa imenipanda kichwani. "Ngoja niwaonyeshe mtetemo wenyewe," nikasema, na nikafungua jedwali la namba za siku ile.

Namba ilikuwepo. Kubwa, nene, kama nilivyosema. Tatizo ni kwamba ilikuwa kubwa mno. Mtetemo wa kawaida wa asubuhi haufiki pale. Ili namba ile iwe kubwa hivyo, ilibidi maporomoko yenyewe yawemo ndani yake.

Nikaielewa pale pale. Programu yangu, kila ilipofanya uamuzi wa asubuhi, ilikuwa inatumia bei ya kufungia soko ya siku hiyo hiyo. Bei ya jioni. Ilikuwa inachungulia jioni, inarudi asubuhi, halafu inajifanya mjanja. Bila shaka iliyakwepa maporomoko! Nani asingeyakwepa, kama ameshayaona?

Na nani mwingine angefanya kosa hilo ila mimi? Wakili hujenga kesi kuanzia mwisho. Anaijua hukumu anayoitaka, kisha anarudi nyuma kukusanya ushahidi unaoelekea huko. Nimefanya hivyo miaka kumi na nikapigiwa makofi. Nilikuwa nimeifundisha kompyuta kuwa wakili.

Hakuna aliyeona. Profesa alikuwa anaandika jambo. Mama wa pensheni alikuwa anatabasamu.

"Mimi nimeridhika," akasema. "Nina swali moja tu. Naweza kuitumia hii kwa fedha za wazee wangu? Ndiyo au hapana?"

Ndiyo au hapana! Neno "ndiyo" lilikuwa hapo kwenye ncha ya ulimi, na nyuma yake kulikuwa na mwaka wangu wote: darasa, dawati, Mawe, zile endapo zangu. Nikisema kingine, kesho asubuhi nimekaa kwenye kiti kilichofutwa vumbi. Nilimtazama Mama. Nilimtazama Profesa, na nikaliona lile koti lenye chaki.

"Inategemea," nikasema.

Profesa aliinua kichwa.

"Inategemea kama ofisini kwenu mna namna ya kuijua bei ya jioni tangu asubuhi. Kama hamna, basi tafadhali usiitumie. Nimekosea. Modeli hii imeiba majibu, na mwizi ni mimi." Nikaonyesha namba kwenye jedwali na kuwaeleza hatua moja baada ya nyingine. "Naomba ruhusa ya kuipinga kazi yangu mwenyewe."

Nyuma nilimsikia Mawe akisema "Mungu wangu" taratibu.

"Unaweza kuirekebisha?" akauliza Profesa.

"Naweza."

"Sasa hivi?"

Nilibadilisha mstari mmoja tu wa programu, ili uamuzi wa asubuhi utegemee bei ya jana. Nikabonyeza. Sote tulikaa kuangalia kwenye projekta mstari mpya ukijichora, na sijawahi kuona kitu kikiporomoka kwa utiifu kama ule. Mbio za sakafuni! Ulipofika siku ya maporomoko ulianguka nayo sako kwa bako. Mwishoni ulikuwa chini ya mtu aliyenunua hisa zake akaenda zake kulala.

Mama wa pensheni aliangua kicheko, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Na mimi, amini usiamini, nikacheka. Kwa sababu chini ya aibu ile kulikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nauangalia ukweli uso kwa uso, mbaya, mfupi, na hakuna aliyenilazimisha kuusema. Nikawageukia, nikaendelea kuzungumza haraka kuliko mwanzo. Nikawaonyesha kwamba kitu kimoja kimesalia: siku zilizofuata maporomoko, pale soko lilipoendelea kuyumba, modeli ilipoteza kidogo kuliko wengine. Nafuu yenyewe ilikuwa kidogo sana. Lakini hicho kidogo hakikuibwa.

Wakatuambia tusubiri nje.

Kwenye korido kulikuwa na benchi moja la mbao. Mama alikaa mwisho mmoja, mimi nikakaa mwisho mwingine. Mawe alitutazama, akaona heri aende akatafute maji.

"Ulikuwa umeshinda," Mama akasema. "Nani alikutuma ufungue lile jedwali?"

"Kiherehere, Mheshimiwa."

"Na yule mama alikuuliza swali jepesi kabisa. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa."

"Najua."

Alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili, na niliona vidole vyake vinaukaza. Nilisubiri hukumu.

"Mimi ningekupa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ya kwake. "Lile jibu lako la mwanzo. Ningeandika hukumu ndefu, nzuri, ya kukupa ushindi. Ningerudi nyumbani nikala, nikalala." Akanigeukia. "Mwanangu, nimekaa kwenye kile kiti miaka yangu yote, sijapata kuona wakili anasimama kuiangusha kesi yake mwenyewe. Hata mmoja. Hivi ni wangapi walinipita hivyo?"

Nilisogea nikamshika mkono, na nilijua mmoja wa mawakili wa aina hiyo alikuwa ameketi hapo pembeni yake.

Mlango ukafunguka. Profesa alitoka na karatasi zangu kwapani.

"Kazi hii nimeisoma mara mbili," akasema. "Sikuliona lile kosa. Mwenzangu wa takwimu naye hakuliona, ingawa yeye ana udhuru, alisinzia." Akakohoa. "Umefaulu. Sura ya nne uiandike upya yote. Na yule mgeni anauliza kama ukimaliza masomo utakubali kwenda kuzikagua modeli za watu wengine pale kwake. Amesema anataka mtu anayejua jinsi mwizi anavyoingia."

Nilipiga yowe lile lile la siku ya mstari, korido nzima ikaitika. Mawe alikuja mbio na maji, akayamwaga nusu kwenye suti ya Mheshimiwa, wala Mheshimiwa hakuitazama. Alikuwa ameshatoa simu.

"Mdogo wangu, kile kiti mpe mtu," akasema. "Hapana, hakufeli. Nimesema mpe mtu... Ndiyo, na joho nitamletea huyo huyo, limepigwa pasi."

Akakata simu, akairudisha mkobani. Humo humo akapekuapekua, akatoa bahasha iliyokwisha kufunguliwa, akaigeuza upande usioandikwa, akaiweka kwenye benchi kati yetu pamoja na kalamu.

"Haya, kaa hapa," akasema. "Nieleze taratibu. Hiyo bei ya jioni iliingiaje asubuhi?"

Nikachora mstari wa kwanza. Nikaanza tangu kwenye endapo. Nilimweleza jinsi inavyopimwa, nikamweleza mtetemo, nikafika kwenye lile kosa na nikalipita, na Mama hakunikatiza mpaka nilipomaliza.